Mnyama hai si mzigo, hata akipandishwa ndege

Kiswahili hutumia neno moja, ndege, kumtaja kiumbe arukaye kwa mbawa zake na kukitaja chombo kirukacho kwa injini. Mgeni anayejifunza lugha yetu huona hapo pana mtego, lakini mzawa wa lugha hababaiki hata kidogo. Akisikia "ndege wale wametua" anajua ni viumbe. Akisikia "ndege zile zimetua" anajua ni vyombo. Vivyo hivyo kwa kifaru, kiboko na kipepeo. Majina yao yaanza kwa ki- kama kiti na kisu, ila hakuna asemaye kifaru "kimelala". Kifaru amelala. Sarufi ya Kiswahili ilikwisha kuamua zamani, bila bunge wala mahakama, kwamba mwenye roho hasemwi kama kitu.

Naanza na sarufi kwa kuwa jambo ninalotaka kulijadili leo, yaani sheria zinazodhibiti usafirishaji wa wanyama hai kwa ndege, ni mvutano baina ya viambishi hivyo viwili. Katika hati za shehena, mnyama huandikwa kilo zake, thamani yake na idadi ya makasha yake, sawasawa na maua yanayotoka Timau. Kazi ya sheria ni kuwakumbusha wapakizi, marubani na wafanyabiashara kwamba ndani ya kasha lile mna "nani", wala si "nini" tu. Wako wanaoziona sheria hizo kuwa usumbufu wa makarani na njia nyingine ya kututoza ada. Mimi naamini kwamba aghalabu zilizaliwa na maafa, na kwamba sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya tumenufaika nazo kuliko wengi. Hata hivyo zina mapengo mawili makubwa, nami nitayataja kabla sijaweka kalamu chini.

Tumtazame bongo. Swara huyu mkubwa wa msituni, mwenye manyoya ya rangi ya kahawia iliyokolea wekundu, mistari myeupe ubavuni na pembe zilizojipinda, ndiye Wagikuyu wamwitaye ndongoro. Jamii yake ya milimani haipatikani mwituni popote duniani ila Kenya, katika misitu ya Nyandarua, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Katika miaka ya 1960 na 1970 bongo wengi walinaswa katika misitu hii, hasa ya Nyandarua, wakapelekwa kwenye bustani za wanyama za ng'ambo. Waliobaki nyuma waliandamwa na mitego, mbwa wa majangili, magonjwa na misumeno ya wakata miti. Upande wa Mlima Kenya, bongo wa mwituni walionekana mara ya mwisho mwaka 1994. Leo, katika nchi nzima, wanaoishi mwituni wanakadiriwa kuwa chini ya 100.

Kwa hiyo vitukuu vya wale waliochukuliwa ndio waliogeuka kuwa akiba yetu. Mwezi Januari mwaka 2004, bongo 18 waliozaliwa katika bustani za Marekani waliletwa kwa ndege hadi Nairobi, kisha wakafikishwa katika hifadhi ya Mount Kenya Wildlife Conservancy karibu na Nanyuki. Hawakufunguliwa msituni siku ile ile. Mnyama aliyezaliwa ndani ya ua hamjui chui, wala mwili wake haujawahi kupambana na kupe wa mlima huu. Ilibidi wazaliane, na wana wao wazaliane, hata Machi 2022 ndipo bongo wa kwanza walipoachiliwa katika eneo la Mawingu, kwenye msitu wenyewe wa Mlima Kenya. Usiku wa tarehe 23 Februari 2025, bongo wengine 17 kutoka Florida walitua katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, wakapelekwa Meru. Lengo la taifa ni kufikisha bongo 750 ifikapo mwaka 2050.

Si bongo peke yao waliorudi kwa njia ya anga. Desemba 2009, vifaru weupe wanne wa kaskazini, Sudan, Suni, Najin na Fatu, walisafirishwa kutoka bustani ya Dvůr Králové katika nchi ya Cheki hadi Ol Pejeta, Laikipia, kwa tumaini kwamba hewa na nyasi za Afrika zingewarejeshea uzazi. Suni alikufa mwaka 2014 na Sudan akamfuata Machi 2018. Najin na Fatu, mama na bintiye, ndio waliobaki wa jamii yao duniani. Katika Ol Pejeta hiyo hiyo kuna makao ya Sweetwaters ya kutunzia sokwe, ingawa Kenya haina sokwe wa asili. Baadhi yao walifika huko kwa sababu sheria ya anga ilifanya kazi yake. Mwanzoni mwa mwaka 2005, kasha lililokuwa na watoto sita wa sokwe na kima wanne lilinaswa Nairobi, baada ya kukataliwa nchini Misri kwa kukosa hati. Sokwe mmoja alikufa. Watano waliosalia wakaletwa Laikipia.

Msomaji atauliza: sheria hizo ni zipi hasa? Kwa urahisi wa maelezo nazigawa katika nguzo tatu, yaani idhini, afya na ustawi.

Nguzo ya idhini imesimama juu ya mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, unaojulikana kwa herufi CITES. Ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973, ukaanza kutumika mwaka 1975, na Kenya ikauidhinisha mwaka 1978, mwaka mmoja tu baada ya kupiga marufuku uwindaji. Kwa viumbe walio katika orodha zake za juu, mkataba hauruhusu kibali kutolewa mpaka mamlaka ya nchi anakotoka mnyama iridhike kwa mambo matatu: kwamba hakupatikana kwa kuvunja sheria, kwamba kuondoka kwake hakutahatarisha kizazi cha wenzake, na kwamba atatayarishwa na kusafirishwa kwa namna ya kupunguza hatari ya kuumia, kuugua au kutendewa ukatili. Sharti la tatu ndilo lisahaulikalo. Wengi hudhani CITES ni mkataba wa pembe za ndovu, kumbe umebeba pia haki ya mnyama aliye safarini. Hapa nyumbani, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza mtu yeyote kuingiza au kutoa nchini wanyamapori bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS.

Umuhimu wa nguzo hii tuupime kwa visa viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Kikubwa ni cha majirani zetu. Mwezi Novemba mwaka 2010, wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipakiwa katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kwenye ndege ya kijeshi ya Qatar, nao wakaenda zao. Kashfa hiyo ilitikisa Bunge la Tanzania. Mwaka 2014 mahakama ya Moshi ilimhukumu raia mmoja wa kigeni kifungo cha miaka 60, naye hayupo kizimbani. Mwaka 2016 serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku biashara ya kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Twiga hafichwi mfukoni, msomaji. Lazima anaswe, afungwe, apakiwe kwenye lori, apite lango la uwanja, ainuliwe kwa mtambo mpaka mlangoni mwa ndege, na katika kila hatua pawe na mtu mwenye sare aliyegeuza shingo akatazama upande wa pili. Kisa hiki chaonyesha kwamba sheria haikukosekana. Waliokosekana ni walinzi wake.

Kisa kidogo ni cha kwetu. Mwezi Aprili mwaka 2025, vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000. Walikuwa wamewatia katika vineli vidogo vya kioo vyenye pamba, tayari kwa safari ya kwenda kuuzwa kwa watu wafugao sisimizi majumbani. Mgeni mmoja kutoka Vietnam na Mkenya mmoja walishtakiwa kwa kosa kama hilo, wao wakiwa na sisimizi mia kadhaa. Mwezi Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Wako waliocheka, wakiuliza ni lini sisimizi amekuwa mnyamapori. Jibu limo ndani ya Sheria yenyewe ya 2013, ambayo haikusema ndovu na simba tu. Inataja mnyama yeyote wa mwituni wa asili ya nchi hii, mimea, hata vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hakimu alifika mbali zaidi, akaulinganisha unyakuzi wa viumbe makwao na kushindiliwa kwao katika vyombo na biashara ya utumwa. Kwa msomaji wa Kiswahili, lugha iliyokulia katika pwani ya majahazi na minyororo, mfano huo hauhitaji tafsiri.

Nguzo ya pili ni afya. Mwishoni mwa miaka ya 1880, ng'ombe walioletwa kwa meli katika pwani ya Eritrea walikuja na ugonjwa wa sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa umefika kwetu, na kabla ya karne kwisha ulikuwa umeteremka hadi rasi ya kusini mwa bara. Katika sehemu nyingi yakadiriwa kwamba ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Nyati, pofu na bongo walianguka pamoja nao, na njaa ikala watu wa jamii nzima za wafugaji. Ilichukua zaidi ya karne moja, na chanjo iliyotengenezwa hapa hapa kwetu Muguga na Walter Plowright na wenzake, mpaka dunia ikatangazwa mwaka 2011 kuwa imelishinda janga hilo.

Sotoka ilisafiri kwa meli na kwa miguu. Ndege imeongeza hatari hiyo. Katika siku za meli, mnyama aliyeambukizwa alikuwa na majuma kadhaa ya kuonyesha dalili akiwa bado baharini. Ndege humfikisha upande wa pili wa dunia kabla homa yake haijapanda. Mwaka 1967 tumbili walionaswa Uganda walisafirishwa kwa ndege hadi Ulaya kwa ajili ya maabara za utafiti na utengenezaji wa chanjo. Walibeba kirusi ambacho tabibu yeyote hakuwa amekijua. Katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani na Belgrade nchini Yugoslavia ya wakati huo, watu 31 waliugua na saba wakafa. Ugonjwa ukapewa jina la mji wa Marburg, ingawa tumbili hawakuomba kupelekwa huko. Kwa sababu kama hizi daktari wa mifugo hutakiwa kutia saini kabla ya rubani, na mnyama akaweza kuwekwa karantini siku nyingi kabla na baada ya safari ya saa chache.

Nguzo ya tatu, ustawi, ndiyo isiyojulikana sana na umma, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, hutoa kila mwaka kitabu cha kanuni za kusafirisha wanyama hai, na nchi wanachama wa CITES zimekubali kanuni hizo kuwa kipimo cha safari za anga. Ndani yake kila jamii ya wanyama ina masharti yake. Kasha sharti limwezeshe mnyama kusimama, kugeuka na kulala kwa namna yake ya kawaida. Liwe na matundu ya hewa pande zaidi ya moja, sakafu isiyoteleza, vyombo vya maji vinavyoweza kujazwa bila kufungua mlango, na lebo inayosema wazi kwamba ndani mna wanyama hai na upande gani ni wa juu. Wanyama wasiwekwe karibu na adui wao wa asili, wala karibu na barafu kavu, kwa kuwa barafu hiyo ikiyeyuka hutoa hewa inayoweza kuwakosesha pumzi. Rubani aarifiwe kwamba amebeba wanyama, ili joto na hewa ya chumba cha shehena virekebishwe. Aidha, kumpa mnyama dawa za kumlewesha ili anyamaze hakupendekezwi ila kwa amri ya daktari, maana moyo na pumzi zake huenda zisistahimili mabadiliko ya huko juu.

Kanuni hizo zimejaa elimu ya kuwajua wanyama. Kifaranga cha siku moja huweza kusafiri siku mbili au tatu bila chakula kwa sababu bado ana masalio ya kiini cha yai tumboni mwake. Akichelewa zaidi ya hapo, ni mauti. Samaki husafiri katika mfuko wenye maji kidogo na oksijeni nyingi. Twiga mzima hawezi kuingia katika ndege ya kawaida ya mizigo kwa urefu wake, na ndiyo maana wanaosafirishwa huwa wadogo. Mnyama mwenye mimba iliyokomaa hapaswi kusafiri. Mbwa wenye pua fupi hukataliwa na mashirika mengi kwa kuwa pumzi zao ni za shida hata wakiwa nyumbani. Anayeyasoma haya hawezi tena kusema kwamba ni urasimu. Kila mstari wafaa usomwe kama kumbukumbu ya mnyama aliyefunguliwa kasha akakutwa amekufa.

Nageukia sasa malalamiko, maana haki haina budi kusikiliza pande zote. Mkulima wa Kieni anayetaka kuingiza mifugo bora kutoka nje analia kwamba vibali, vipimo na karantini vinamgharimu kuliko mnyama mwenyewe. Malalamiko haya yana uzito. Nyeri ni kitovu cha ufugaji wa mbuzi wa maziwa, na mbegu ya mbuzi hao ni ya Alpine waliotoka Ujerumani na kuenezwa huku miaka ya 1990. Hapa Kiganjo penyewe, kituo cha kuzalishia samaki aina ya trauti kilianzishwa mwaka 1948, na trauti si mwenyeji wa mito yetu. Wa kwanza waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan, wakatiwa katika mto Gura huko Nyandarua. Tukisema mipaka ifungwe kabisa, tutakuwa tunaikana historia ya riziki yetu wenyewe.

Lakini historia hiyo hiyo inatupa jawabu. Trauti wa Grogan hawakuja wakiwa samaki wazima, walikuja wakiwa mayai. Mkulima wa leo anayetaka damu ya fahali wa Ulaya halazimiki kumpandisha fahali ndege. Mbegu zake husafiri zikiwa zimegandishwa ndani ya mtungi, na ng'ombe wa mkulima hupata ndama bila fahali huyo kuondoka zizini kwake. Njia hii ni nafuu kwa mfuko, salama zaidi kwa afya ya mifugo ya jirani, na haimtesi mnyama yeyote angani. Kwa hiyo natoa rai kwamba serikali ipunguze gharama na ucheleweshaji wa vibali panapofaa, lakini isipunguze vipimo hata kimoja. Karani mvivu na daktari makini ni watu wawili tofauti, tusiwafukuze wote kwa kosa la mmoja.

Yapo pia mambo ambayo sheria inayaruhusu na dhamiri inayakataa. Januari 2022, lori lililobeba kima 100 wa maabara liligongana na gari jingine katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, na baadhi ya kima wakatorokea kwenye baridi kali. Ilibainika kwamba kima hao, waliotoka Mauritius, walikuwa wamefikishwa New York kwa ndege ya Kenya Airways. Hapakuwa na madai kwamba shirika hilo lilivunja sheria. Hata hivyo lilitangaza kwamba mkataba wake wa kubeba kima hao, uliokuwa ukimalizika Februari mwaka huo, halingeuendeleza. Wako watakaosema uamuzi huo ulitokana na kuogopa kelele. Iwe iwavyo, ulithibitisha kwamba mbebaji ana hiari ya kusema hapana hata pale ambapo hati zote zimekamilika.

Sasa mapengo mawili niliyoyaahidi. La kwanza ni kwamba sheria hizi huwa ngumu mbele ya mdogo na laini mbele ya mkubwa. Mwezi Novemba mwaka 2005, serikali ya Rais Mwai Kibaki, ambaye sasa ni marehemu na aliyekuwa mwana wa Othaya hapa Nyeri, ilitia saini makubaliano na Waziri Mkuu wa Thailand, Thaksin Shinawatra, ya kuipa nchi hiyo wanyamapori zaidi ya mia moja kwa ajili ya bustani mpya ya Chiang Mai. Wahifadhi na wananchi walipinga, shauri likafika mahakamani, na amri ya kusimamisha safari ikatolewa. Thaksin alipopinduliwa Septemba 2006, mpango ukafa kifo cha kimya. Simkumbuki marehemu kwa kumlaumu, maana mengi mema aliyoyafanya yanajulikana. Nalitaja jambo hili kwa kuwa linafundisha. Mnyamapori ni amana ya umma, na zawadi baina ya wakubwa haiwezi kuwa kibali. Lau wananchi wangenyamaza, wanyama wale wangeruka kihalali kabisa, kwa hati zilizotiwa muhuri. Hivyo basi sheria iitake serikali yenyewe, kabla ya kusafirisha mnyamapori yeyote hai nje ya nchi, itangaze hadharani idadi, jamii, anakopelekwa na sababu, kisha itoe muda wa watu kutoa pingamizi.

La pili ni pengo la lugha, na hapa naomba ruhusa ya kuzungumza kama mtu wa kazi yangu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Lakini Sheria ya Wanyamapori imeandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, iliyo Sura ya 360, ambayo inamtia hatiani anayembeba mnyama kwa namna ya kumtesa, imeandikwa kwa Kiingereza. Nacho kitabu cha IATA ni cha kununuliwa, tena ni kizito kwa ukubwa na kwa lugha. Nani basi amshikaye mnyama kwa mikono yake? Ni kuli wa uwanja wa ndege, dereva wa lori, mlinzi wa lango, askari wa zamu ya usiku. Hao ndio wanaoamua kama kasha litaachwa juani kwenye lami au litasogezwa kivulini, kama litapangwa juu au litalaliwa na makasha mengine. Tumewapa watu hao wajibu, tukawanyima maneno ya wajibu huo.

Haitoshi kusema kwamba watu hao husikia Kiingereza kidogo. Lebo husomwa kwa haraka, gizani, na mtu aliyechoka. Maneno manne ya Kiswahili, "wanyama hai, usiweke juani", yangeokoa zaidi ya kurasa mia tano zilizo kabatini. Tena si kazi ngumu. Istilahi tunazo: kasha, kibali, karantini, sotoka, kichaa cha mbwa, uhimilishaji. Wafugaji na madaktari wa mifugo wamezitumia kwa miaka mingi vijijini bila kungoja baraza la wataalamu. Kinachohitajika ni Idara ya Mifugo, KWS na mamlaka ya viwanja vya ndege kuketi pamoja na watu wa lugha, wakatoa mwongozo mfupi wa Kiswahili wa kubandikwa katika kila ghala la shehena, kuanzia Nairobi na Mombasa hadi Eldoret na Kisumu.

Na pa kuanzia papo karibu. Chuo cha polisi cha Kiganjo kimewafunza maafisa kwa vizazi kadhaa, na baadhi ya makurutu wanaokimbia mchakamchaka hapa asubuhi katika ukungu wa mlima ndio watakaokuja kusimama kwenye malango ya viwanja vyetu vya ndege. Wanafundishwa kuitambua bastola na bangi. Somo la saa chache tu lingewafundisha kuitambua mineli yenye pamba, kasha lisilo na matundu, kibali kilichoghushiwa na sauti ya mnyama anayekosa hewa. Afisa aliyepata somo hilo kwa lugha anayoiota usiku hatageuza shingo twiga apitapo.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hakuna mnyonge kama kiumbe aliyefungiwa gizani katika tumbo la chombo kinachonguruma, asiyejua anakopelekwa wala aliyempeleka. Siku mwongozo huo utakapoandikwa kwa Kiswahili, mfasiri atakapofika kwenye sentensi ya kwanza atalazimika kuchagua kiambishi, na lugha haitamruhusu kuandika kwamba twiga "imepakiwa". Atapaswa kuandika kwamba amepakiwa. Naomba wanaoshika mihuri nao wafungwe na sarufi hiyo hiyo.